Harusi ya Mwezi wa Poush

Pikipiki ya Pulsar ilikuwa inakata ukungu kwa kasi ya themanini, taa imezimwa.

Mbele yake, basi la Tata lililopambwa maua ya rangi ya chungwa. Tarumbeta zinalia madirishani.

Harusi.

Harusi gani, jamani? Sanumaya Gharti, jasusi wa kikosi cha kupambana na magendo ya watu, jina lake la kazi Tai, alitamani kucheka. Huu ulikuwa mwezi wa Poush, mwezi wa baridi na wa mkosi kwa harusi. Nepal nzima huwezi kumpata mzazi mwenye akili timamu anayemwozesha mtoto mwezi wa Poush. Aliyepanga hila hii, Dikendra, alizaliwa hapa Nepal, akakulia Hong Kong. Kazi yake ilikuwa kuwavusha mabinti kwenda kuwa watumishi katika majumba ya Ghuba. Alijua kila binti atamwingizia nini. Kalenda ya bibi yake hakuijua.

"Tai, uko wapi?" Sauti ya Inspekta Lohani ilikwaruza sikioni.

"Nyuma yao, mkuu. Mpaka unakaribia."

"Usimguse kabla hajatoa pasipoti za mabinti. Bila hizo atatucheka mahakamani."

"Nimekupata."

Kuna jambo hakumwambia mkuu wake. Juzi mama yake alipiga simu kutoka kwao Rolpa, analia. Junkiri, mdogo wake Sanumaya, alikuwa ametoroka nyumbani.

Basi likasimama kwenye kibanda cha chai, karibu kabisa na lango la India. Sanumaya akaingia, akaagiza chai ya maziwa. Bastola ya Glock ilimbana kiunoni chini ya shali. Mabinti wakashuka wamependeza, na hakuna aliyekuwa anacheka. Bibi harusi akakaa meza ya jirani, akainua ushungi mwekundu ili apulize chai yake.

Junkiri.

Uso wa Sanumaya haukutikisika. Ndivyo walivyomfundisha kazini.

Akasogeza kiti. "Bibi harusi, mume yuko wapi?"

Junkiri alishtuka, kisha akatabasamu kwa uchungu. "Kuwait, dada. Naolewa na jiko la watu."

"Serikali imewakataza wasichana kwenda kule kufanya kazi za ndani. Imewakataza kwa sababu mnapigwa, mnafungiwa, mnapokonywa simu."

"Imenikataza kwenda. Imesema nikibaki nile nini?"

"Nilikupeleka mafunzo ya kushona. Ya serikali, bure."

"Na cheti nimekitundika ukutani, mama anakipangusa kila siku. Cherehani iko wapi, dada? Kiwanda kiko wapi? Nishone nini kule kwetu, ukungu?" Macho yake yalijaa machozi. "Wewe ulipata kazi, njaa ukaisahau. Kunywa chai yako uondoke. Hujaniona."

Na Sanumaya angeweza. Hapo ndipo palipomuuma. Angegeuza uso tu, mdogo wake angevuka na kwenda kujaribu bahati yake. Lakini aliwahi kusimama uwanja wa ndege Kathmandu kuwapokea wasichana waliopita njia hii ya panya. Wengine walirudi ndani ya majeneza, na ubalozi haukuwahi kujua kwamba waliondoka.

Dikendra akaingia na suti yake ya kijivu. Akamwaga pasipoti mezani.

"Haya, warembo, kila mtu na yake. Harusi inaendelea."

Sanumaya aliinamia kipaza sauti kilichofichwa kwenye shali, akatoa ishara waliyopanga. "Chai imepoa."

Askari wakachomoza kwenye ukungu. Dikendra akachomoa bastola na kumvuta bibi harusi kifuani kwake.

Birika la chai likaruka hewani kutoka mkononi mwa Sanumaya.

Chai ya moto ilimmwagikia Dikendra mkononi. Alipiga yowe, bastola ikaanguka. Kabla hajaiinamia, Sanumaya alikuwa amesharuka meza. Goti tumboni. Pingu mikononi.

"Nani anaoa Poush, mpumbavu wewe?" alimwambia.

Sikioni, Lohani alishusha pumzi. "Safi, Tai. Mabinti wameokolewa wote?"

"Wote, mkuu."

Nje, mabinti walipangwa mstari. Utaratibu ulitaka kila aliyeokolewa akabidhiwe kwa ndugu, na asiye na ndugu apelekwe nyumba ya hifadhi. Koplo mmoja mnene, mpole, akafika kwa Junkiri.

"Binti, una ndugu wa kukupokea?"

Wanja ulikuwa umemchuruzika Junkiri mashavuni. Alimtazama Sanumaya, aliyesimama karibu kiasi cha kumshika mkono.

"Sina," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Sanumaya alifungua kinywa. Neno lilikuwa dogo tu, "wangu huyu", akachelewa kulisema. Junkiri alikwisha kumpa mgongo, anapanda gari la hifadhi.

Sanumaya akavaa helmeti yake, akashusha kioo, akatembea taratibu hadi kwenye pikipiki bila kugeuka nyuma.

"Yule dada ni chuma kabisa," askari mmoja alimwambia mwenzake. "Umeona anavyoondoka?"

Ndani ya helmeti, Sanumaya alikuwa analia kwa sauti, na mngurumo wa injini ya Pulsar ulimsitiri.