Mswala Nilioutandika Nyuma ya Tangi

Naanza kwa jina la Yule asiyechoka, nami mja wake nimechoka. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, kisha niwageukie ninyi mnaonisoma.

"Mzee amelewa!"

Neno hilo lilitamkwa mchana kweupe, mbele ya zamu nzima, nami nimeegemea ukuta nisianguke... Na aliyelitamka ni mume wa binti yangu!

Mimi? Mimi ambaye tone la pombe halijapata kunigusa ulimi?

Niwapange kwanza watu wangu, kila mmoja mahali pake, msije mkapotea.

Mimi nilikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha gundi. Nililinda tangi la thina, kile kiyeyushi kinachoulainisha mpira hata ukawa gundi. Kiwandani huniita Ustadhi, kwa kuwa jioni nasomesha watoto msikitini, na mara nyingine husalisha.

Mkwe wangu ndiye msimamizi wa zamu. Ni kijana mkavu, hacheki ovyo.

Fundi wa mabomba ni rafiki yangu wa miaka mingi. Wamempa jina la Domo, na mwenyewe analistahili.

Mke wangu mtamkuta nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza swala ya adhuhuri mle mle ghalani. Nikautia mswala mkobani, nikauvaa begani, nikainuka... na ghala likainuka pamoja nami, likazunguka!

"Mzee, toka humo!" mkwe wangu akapaza sauti.

"Subiri nifunge mlango... Mlango uko wapi?"

"Umeushika!"

Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo aliposema lile neno.

Domo akaruka mbele kama aliyekanyaga moto.

"Wewe huna adabu! Ustadhi huyu anywe? Labda kalewa maji ya udhu!"

"Sijali amekunywa nini. Mtoeni nje. Sasa hivi!"

Walinzi wakanishika makwapa, wakanipeleka mpaka getini kama mwizi wa kuku. Nikaketi kivulini. Upepo ukanipiga, na punde kichwa kikatulia.

Ulevi gani huu unaoponywa na upepo? Niliwaza hivyo, lakini fedheha ilinielemea, nikaliacha wazo lipite.

Meneja akanijia pale pale.

"Kesho asubuhi ofisini kwangu, Ustadhi. Ulevi karibu na thina hauna onyo la pili. Usipokuwa na la kujitetea, funguo utaziacha mezani."

Habari ilifika msikitini kabla yangu. Alasiri imamu alinishika bega kwa upole uliouma kuliko kofi.

"Ndugu yangu, kwa sasa... tuwaache wengine wasalishe."

Wasomaji wangu, nilitembea kwenda nyumbani kama nimebeba mlango mgongoni.

Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini. Naye alikwisha kusikia.

"Nipumulie."

"Mama watoto, hata wewe?"

"Nipumulie nimesema! Nimezeeka nawe, nitakosa kuijua pumzi yako?"

Nikampumulia.

"Pombe hamna. Kuna kitunguu tu."

Akalichukua shati langu akalinusa. Halikuwa na kitu. Akautoa mswala mkobani ili aukung'ute... ghafla akarudisha kichwa nyuma.

"Huu umeumwagia thina?"

"Sikuumwagia chochote."

"Hebu nusa!"

Nikanusa. Nisisikie lolote.

"Basi pua yako imekufa," akasema. "Unautandika wapi?"

"Nyuma ya tangi. Pana utulivu."

"Na hicho kizunguzungu hukujia wakati gani?"

Nikahesabu siku vidoleni.

Baada ya swala. Kila mara, baada ya swala...

"Kwa majuma kadhaa sasa," nikamwambia, "nikisujudu napata wepesi wa kichwa, kama naelea. Kwa hiyo nikawa nairefusha sijda. Nilidhani ni utamu wa ibada."

Akaukunja mswala, akauweka mbali nami.

"Baba watoto... ni thina."

Sikujua nicheke au nilie.

Jambo lenyewe nilifundishwa siku niliyoajiriwa: mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupai kama moshi. Huteremka, ukatambaa sakafuni na kujilaza mashimoni kama maji yasiyoonekana. Na pua ikikaa nao sana, huuzoea ikaacha kuutambua. Nilifundishwa, nikaitikia, kisha nikaenda kuweka uso wangu pale pale!

Asubuhi nikaingia ofisini na mswala umefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Mkwe wangu yupo. Domo yupo, ananikonyeza kunitia moyo.

Meneja akanisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Kama mvuke unavuja, mbona wenzako wazima? Mbona kipima mvuke cha ukutani kiko kimya?"

"Wenzangu, bwana meneja, hawaweki paji la uso sakafuni."

Mkwe wangu ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Nakwenda kuchukua kipima cha mkononi."

"Kwa hadithi ya mswala?" meneja akauliza.

"Kwa huyu mzee, ndiyo."

Simu zikaachwa nje. Mkwe wangu akasimama mlangoni mwa ghala, akakishika kile kifaa usawa wa kifua. Kimya. Akakishusha hadi magotini. Kikalia mlio mmoja. Akakifunga kamba, akakiteremsha mpaka sakafuni...

Kikapiga yowe!

"Tokeni wote! Msiguse swichi yoyote!"

Cheche moja ya swichi ingetosha kulilipua ghala zima. Umeme ukakatwa kutoka nje, milango ikaachwa wazi hadi kipima kiliponyamaza hata sakafuni. Ndipo watu wakaingia na barakoa za hewa, wakafunga karatasi kavu kwenye kila kiungo cha bomba. Karatasi ya kiungo cha chini kabisa cha tangi ikalowa. Mpira wa kiungo ulikuwa umeliwa, thina inadondoka taratibu na kuingia kwenye ufa wa saruji, nyuma ya tangi, chini ya mswala wangu.

Meneja akakigeukia kipima cha ukutani.

"Kipima hiki kilifungwa chini, karibu na sakafu. Nani alikipandisha darini?"

Sote tukamtazama Domo, kwa sababu kwa mara ya kwanza Domo alikuwa hasemi.

"Domo?"

"Mimi..." Macho yake yalikuwa chini. "Kilikuwa kinalia kila siku, kazi inasimama. Nikasema kibovu hiki. Nikakipandisha juu... kikatulia."

"Kilikuwa kinasema kweli," nikamwambia.

"Naam, Ustadhi."

"Na jana ulinitetea."

"Nilijua hunywi. Sikujua kama nakuua."

Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Nilimpigapiga bega, nikatoka.

Mkwe wangu akanifuata nje.

"Baba."

"Nakusikia."

"Kwa kukutoa mle ndani siombi radhi. Naomba radhi kwa lile neno. Nilikuona unayumba karibu na tangi, nikajua ukibaki kutatokea balaa. Sababu sikuijua, nikataja iliyonijia mdomoni."

Nikamshika mkono. Wasomaji wangu, aliyenivunjia heshima ndiye aliyenitoa penye mauti, na aliyenitetea ndiye aliyekinyamazisha kinywa kilichokuwa kikinionya.

Kazi nilirudishiwa. Funguo nimezikabidhi kwa hiari yangu, daktari ameniambia nipumzike, nami sikubishana naye.

Enyi mnaofanya kazi penye thina, gundi, rangi na petroli: msiitegemee pua. Fungeni vifuniko. Kipima kikilia, tokeni kwanza, ubovu wake mtauchunguza mkiwa hai. Wala mtu asilale, asile, asiswali penye mvuke, hata pawe na utulivu gani.

Ijumaa imamu alinisogeza mbele nisalishe. Nikasujudu, na kichwa hakikuzunguka. Utamu nilioupata ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa wa kweli.

Ewe Mola, wahifadhi waliobaki mle ndani: mkwe wangu na ukavu wake, Domo na majuto yake, na mtunza ghala mpya asiyejua bado. Wape hewa safi vifuani, na uwarejeshe majumbani kwao kila jioni wakiwa wazima. Amin.