Nusu ya Mashua

"Dada, hebu shika hapa, usiachie!"

Kabla Mshonaji, aliyesimama mlangoni pa duka lake la nguo, hajauliza, ncha ya futi ilikuwa mkononi mwake, na mwanamume mwenye shati la buluu lililojaa vumbi la mbao alikuwa keshavuka uchochoro kinyumenyume. Mikokoteni ikasimama. Pikipiki zikapiga honi.

"Mita mbili na sabini! Itapita!"

"Nini, jeneza lako? Maana hawa wa pikipiki watakuua sasa hivi."

"Mashua yangu, dada. Naichora. Ndogo, inapanda kwenye tela, mlingoti unalazwa, unaivuta na gari. Leo ziwani, kesho baharini."

Akaondoka, akaisahau futi. Shangazi yake, aliyekuwa akikunja nguo ndani huku masikio yakiwa mlangoni, alisema fundi hasahau chombo chake bure.

Mtaa ukambatiza Futi. Aliporudi kuifuata, aliondoka na namba ya simu tu, na miezi minne simu hazikupoa.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nakata suruali ya mtu. Niache."

"Kata tu. Nasikiliza mkasi."

Mshonaji naye alikuwa na miguu isiyotulia. Aliwashonea wenzake nguo za safari, yeye safari yake ikaishia mlangoni. Futi alipomwambia, "Tanga la mashua utalishona wewe," alijiona tayari yuko majini.

Adhuhuri moja alimpelekea chakula karakanani, asimkute. Mchoro wa mashua ulikuwa umetandazwa mezani. Akauinamia akitabasamu, kisha tabasamu likaganda. Kitanda kimoja, chembamba, ubavuni. Kabati moja. Kiti kimoja.

Aliacha chakula, akaondoka. Mwenye nia ya kwenda na mwenzake huchora kitanda kimoja?

Wiki mbili hakupokea simu. Alikaa, akasimama, akachungulia dirishani, akakaa tena. Alishona mkono wa shati ndani nje.

"Hiyo simu inalia kuliko mtoto aliyeachishwa ziwa," Shangazi akafoka. "Pokea, au nimpokee mimi na uzee wangu!"

Siku ya kumi na tano Futi alikuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, mchoro kwapani.

"Nimekukosea nini?"

"Kitanda kimoja!" Mshonaji akalipuka. "Nenda na mashua yako, ulale peke yako!"

Futi akautazama mchoro wake, kisha akamtazama Mshonaji. Macho yake yakaangukia meza ya kukatia, kwenye karatasi iliyochorwa gauni la harusi la mteja.

"Na huyu bibi harusi wako mbona ana bega moja?"

"Hujui ushonaji wewe. Tunachora nusu tu, tunakata kitambaa kikiwa kimekunjwa, ukikikunjua..."

Macho yakamwendea ule mchoro kwapani mwa Futi.

Shangazi alicheka hadi akakalia nguo alizokunja. Futi akautandaza mchoro, akachukua kioo cha wateja, akakisimamisha ukingoni mwa mchoro, kwenye mstari wa katikati ya mashua. Mashua ikawa nzima. Vitanda viwili, kimoja kila ubavu.

Mshonaji aliviangalia, uso ukimchoma kwa aibu. Halafu akashika kiuno.

"Viwili, na njia katikati? Baba, unanioa au unanipangisha?"

"Nakuoa!" Futi akasema. "Ukikubali, navikutanisha leo hii."

Mshonaji akavuta droo, akatoa ile futi. Ncha akamwekea kiganjani, akaanza kurudi kinyumenyume.

"Basi shika hapa," alisema. "Usiachie."