Alama ya Chaki Getini

Mjomba wangu alikuwa msoma mita za maji, na mbwa hawakumbabaisha hata kidogo. Miaka kumi na minane ya kuingia nyumba za watu, aliwahi kuumizwa mara moja tu, tena na jogoo. "Mbwa akikujia, usikimbie," alikuwa akitufundisha mezani, mimi na mama, dada yake. "Usimtazame machoni. Mikono chini, simama kama nguzo mpaka akuchoke. Akizidi, weka kitu katikati yenu, begi, kiti, chochote, halafu urudi nyuma taratibu." Wasoma mita walikuwa pia na alama zao za chaki getini. Duara lenye mstari mmoja: mbwa amefungwa. Mistari miwili: yuko huru.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia nyumba ambayo haikukaliwa na mtu tangu mwenyewe afariki. Geti halikuwa na alama. Ila mita ilikuwa inazunguka, na mlangoni palikuwa na bakuli la maji, limejaa.

Saa sita alirudi kwetu, akitembea kinyumenyume. Akaingia sebuleni, akasimama kwenye kona, mikono chini, macho sakafuni.

"Kaka, una nini?" mama aliuliza.

"Usipaze sauti," alinong'ona. "Hajanichoka."

Mbele yake hapakuwa na kitu. Saruji tupu.

Hakukaa. Hakula. Jumatano magoti yalianza kumtetemeka, na kila yalipopinda, suruali ilichanika yenyewe kwenye shavu la mguu. Damu ikatiririka mpaka kwenye kiatu. Mama aliweka begi mbele yake. Likatupwa pembeni. Akaweka kiti. Kikasukumwa.

"Hataki vitu," mjomba alisema, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Mama akavua kanga ya mabegani, akanipa niishike. Nikamng'ang'ania gauni.

"Mama, usiende."

"Ni kaka yangu. Ninaye mmoja tu."

Akapita, akasimama katikati. Mikono chini. Mjomba akarudi nyuma taratibu, akiambaa ukuta, kama alivyotufundisha. Alipofika mlangoni akakimbia.

Mama alisimama Alhamisi yote. Ijumaa midomo ilikuwa imempasuka. Nilimnywesha maji kwa kijiko, nikiwa nyuma yake, maana mbele alinikataza.

"Mwanangu, usije ukaingia katikati," alininong'oneza. "Niapie."

Nikaapa. Kiapo hicho kinanila mpaka leo, kwa sababu nilikishika.

Jumamosi mchana magoti yalipinda. Nililoliona silisemi. Tulimzika jeneza likiwa limefungwa, na mjomba hakuja.

Niliuosha ukuta mwenyewe. Doa likatoka lote. Lakini pale chini, mbele ya alipokuwa amesimama mama, saruji ina joto. Kipande kidogo tu, kiasi cha mbwa aliyejikunja. Nimemwagia maji, yanakauka nikiyatazama. Nilijifariji kwamba ni joto tu limebaki, kwamba mbwa mwenyewe alishapata alichokitaka akaondoka.

Jana asubuhi nikasikia chaki ikikwaruza getini. Nilitoka mbio, kandambili mguu mmoja. Mjomba alikuwa ameshafika mwisho wa mtaa, akichechemea, na nilipomwita hakugeuka.

Nikaangalia geti. Duara. Mistari miwili.