Baiskeli ya Kukulia

Kila Jumatano shule hufungwa saa sita mchana. Mdogo wangu Hilke hula haraka haraka, kisha tunakwenda kwenye uwanja wa klabu, nyuma ya mashamba ya bitiruti. Yeye anafanya mazoezi ya mbio za matopeni, zile za kupanda vilima vya mchanga na kuruka mbao huku baiskeli iko begani. Mimi nasimama na mpira wa maji kuosha baiskeli.

Hilke alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mifupi. Klabu ilimpa baiskeli iliyomfaa kijana wa miaka kumi na sita.

"Utaikulia tu," alisema Kocha Firmin.

Kwetu ndivyo tulivyozoea. Koti hununuliwa kubwa, viatu hujazwa magazeti mbele, mtoto akue humo humo. Hata mama hakuona kosa. Lakini koti kubwa halimuumizi mtu goti!

Mimi niliona. Pedali ikifika juu, goti la Hilke linapanda karibu na kifua. Ikifika chini, kiuno kinayumba kuitafuta. Nyumbani alianza kushuka ngazi kinyumenyume. Nikimuuliza, ananijibu, "Siumwi, dada." Alikuwa akidanganya. Zilibaki siku kumi na moja kabla ya mbio za jimbo, naye aliogopa kuachwa.

Jumatano hiyo alisimama katikati ya kilima cha mchanga, akashuka, akashika goti.

"Wee Hilke!" Kocha alipaza sauti mbele ya wote. "Umekula chipsi nyingi, nini? Mvivu mkubwa!"

"Bibi yangu angeshafika juu," akadakia Jelle, mwenzake wa timu, "na yeye anatembelea mkongojo!"

Watoto wakacheka. Kocha akaongeza, "Kama huwezi, sema. Nafasi yako nampa mwingine."

Damu ilinichemka. Niliutupa mpira wa maji chini nikaenda kumwita Bi Godelieve, fundi wa baiskeli za klabu. Alikuja na futi mkononi. Akamwambia Hilke avue viatu, asimame kwenye ukuta wa karakana, abane kitabu katikati ya miguu. Akapima kutoka juu ya kitabu mpaka chini: sentimita sitini na sita. Halafu akasoma namba iliyochongwa kwenye mkono wa pedali, kile chuma kinachoishika.

"Milimita mia moja na sabini! Huu ni wa mtu mzima, Firmin. Mtoto huyu anataka mia na hamsini. Na fremu yenyewe ndefu, anajinyoosha kama anafua nguo mtoni."

"Aa, ni sentimita mbili tu hizo! Sisi tulikulia baiskeli hizo hizo."

"Ndiyo maana goti lako halikunjiki mpaka leo."

Akaingia karakana, akatoka na baiskeli ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa na urefu wa karibu mita mbili. Kocha ni mfupi.

"Panda. Zunguka mara tatu tu, mwanamume wewe."

Mzunguko wa kwanza alihema. Wa pili, kwenye mbao, alitaka kushuka, miguu haikugusa chini, na bomba la fremu likamgota mahali nisipopataja. Akakaa topeni.

"Kocha," Jelle akauliza, "umekula chipsi nyingi, nini?"

Kocha alimtazama Hilke. "Unaumwa tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniacha."

Bi Godelieve akaonyesha dirisha la kantini. Juu ya kaunta ya bia ilining'inia baiskeli ndogo yenye utepe. Mtoto wa mwenyekiti wa klabu alishinda nayo mbio zamani. "Mtoto anaharibika goti, na baiskeli ya saizi yake mmeifanya pambo la kunywea bia! Hamna aibu?"

Kocha alipanda kiti akaishusha mwenyewe. Bi Godelieve akaifunga mikono mifupi ya pedali, akapandisha siti kidogo ili mguu unyooke vizuri. Hata hivyo daktari aliyempima goti aliamuru mapumziko ya wiki tatu, na mbio za jimbo zikampita Hilke. Alilia siku nzima, na mimi nilikasirika upya.

Siku aliyorudi alipanda kilima chote bila kushuka. Kocha akawakusanya watoto. "Nilimwita mvivu mtoto aliyekuwa anaumwa. Kosa ni langu. Nisamehe, Hilke."

"Na wewe Hilke ulikosea kuficha," alisema Bi Godelieve. "Ukificha maumivu, mtu mwingine atayapa jina analotaka yeye. Huyu aliyaita uvivu. Siku nyingine sema mapema, tena kwa sauti."

Kisha akanyoosha futi. "Haya, vueni viatu wote. Leo napima kila mmoja."

Jelle ndiye aliyetangulia ukutani.