Breki Ambayo Gilang Hakuigusa

Muuza karoti ndiye aliyemkuta. Ilikuwa Jumapili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, naye alikuwa akiteremka kutoka Lembang, milimani Java, kupeleka mzigo wake mjini Bandung. Ukungu ulikuwa bado umeifunika barabara. Kwanza aliona gurudumu la mbele la pikipiki, limelala peke yake katikati ya lami pamoja na usukani na taa. Sehemu iliyobaki ya pikipiki ilikuwa mbele zaidi, imejibamiza kwenye ukuta wa kona. Chini ya ukuta huo alilala Gilang Permana, fundi simu, umri miaka thelathini na minne.

"Nilimwita, Bu," muuza karoti alimwambia inspekta, kwa lile neno la heshima la kumwita mama. "Nikamwita tena. Halafu nikanyamaza tu."

Inspekta Lilis Komariah aliyaandika hayo akiwa amechutama, na alipotaka kuinuka ilibidi ashike bega la askari. Magoti yalimsumbua. Ilibaki miezi mitatu astaafu, na alikuwa amemwomba Mungu kitu kimoja tu: miezi hiyo iishie kwenye wezi wa kuku. Wapi! Alimpiga picha muuza karoti na mkokoteni wake, kwa ajili ya ushahidi, kisha akaenda kuutazama ule usukani.

Waya wa breki ya mbele ulikuwa umekatwa. Haukuwa umechanika, ulikatwa kwa chuma, ncha zake safi.

Mkuu wake alipofika alifurahi waziwazi. "Basi hapa tuna mauaji. Tafuta adui yake, tumalize."

"Kuna hili pia, Pak." Lilis alimwonyesha mkwaruzo mrefu kwenye lami. "Ameanza kukwaruza kwenye sehemu iliyonyooka, kabla hajaifikia kona. Aliyekosa breki hugonga kwanza, pikipiki ikavunjika baadaye. Hii ilivunjika shingo kwanza."

"Una waya uliokatwa mkononi, Bu Lilis. Unataka nini tena?"

Alitaka kwenda nyumbani, alale mpaka Ijumaa.

Adui hakutafutwa sana. Kundi la wapenda pikipiki kuukuu, alimokuwamo Gilang, lilikuwa limelala kwenye mahema huko juu, kando ya mashamba ya chai, na watu wote walisikia Gilang akigombana na Yayat, rafiki yake tangu shuleni. Alfajiri, wawili walimwona Yayat akiwa na plaizi kando ya pikipiki ya Gilang. Kabla ya adhuhuri alikuwa kituoni.

"Plaizi hii ya nani?" Lilis aliuliza.

"Yangu."

"Alfajiri ulikuwa unafanya nini pale chini?"

"Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

"Unavaa kandambili, Yayat."

Yayat aliitazama miguu yake. Baada ya hapo hakufungua mdomo, hata alipoletewa kahawa. Mkuu aliagiza mashtaka yaandaliwe: mauaji ya kukusudia. Mtu anaweza kuozea ndani kwa maneno hayo, na Yayat alikuwa na watoto wawili.

Kesho yake Lilis alikwenda karakana ya Mang Engkus, iliyojenga pikipiki ya Gilang. Mang ni mjomba, na mzee huyo alikuwa mjomba wa mji mzima. Kila aliyetaka pikipiki ya Kiingereza ya enzi za utawala wa Waholanzi igeuzwe iwe ndefu, nyembamba, yenye kelele, alikwenda kwake.

"Karibu, Bwana, karibu ndani," mzee alimwambia alipoingia.

Lilis alikuwa amevaa koti la mvua na nywele zake ni fupi, hivyo hakujali. Aliposema jina lake mzee akacheka, akamwomba radhi, akamvutia kiti. Alipapasa boliti mezani kwa kidole gumba, akachagua moja, akairudisha. Akamimina kahawa, nusu ikaingia kwenye glasi na nusu ikaenda mezani.

"Mikono imezeeka," alisema.

"Yangu magoti. Mang, fremu ya Gilang ilikuwa mpya?"

"Mpya, ila shingo ya zamani. Si unajua, Bu, ninyi wa serikali mnavyotaka?"

Alijua. Sheria inataka pikipiki ya zamani iwe na namba yake ya zamani, na namba imegongwa shingoni, pale usukani unapopita. Kwa hiyo fundi hukikata kipande hicho kwenye fremu iliyoliwa na kutu, akakichomelea kwenye fremu mpya ya mtindo. Mkaguzi huja, huinama, husoma namba, hugonga muhuri. Hakuna anayeuliza kile kipande kimeshikwa na nini. Roho ya mtu yote inaning'inia hapo, na juu yake wanapiga rangi nzuri.

"Na uliijaribu?"

Mzee alikaa wima. "Swali gani hilo! Sijawahi kumkabidhi mtu pikipiki nisiyoipanda mwenyewe mpaka juu kwenye volkano. Tazama ukutani."

Ukuta mzima ulikuwa wa picha. Katika kila moja Mang Engkus alisimama ukingoni mwa volkano, mkono juu ya pikipiki nyingine, na moshi wa kiberiti nyuma yake.

"Bomba jipya la moshi hutoka kwangu jeupe linameta," mzee aliendelea. "Likishaupanda ule mlima, moto unalipiga, shingo yake inageuka buluu na manjano. Haifutiki hata ukisugua mwaka mzima. Huo ndio muhuri wangu, si ule wa serikali."

Lilis alizipenda picha zile. Marehemu mumewe naye alikuwa na pikipiki ya namna hiyo, akiikumbatia kuliko mtoto. Aliupiga ukuta picha kwa simu, akashukuru kwa kahawa, akaondoka.

Kokom, mjane wa Gilang, alimpokea kwa macho makavu yaliyovimba. "Mimi ndiye niliyedai ile breki," alisema. "Wao huziondoa za mbele, ati zinaharibu sura. Miaka kumi Gilang ameendesha bila breki ya mbele! Safari hii nikamwambia, pikipiki bila breki mbili, na mimi sipo. Akacheka, akaiweka. Sasa nasikia ndiyo iliyokatwa. Yayat alikula kwangu, Bu. Alikuwa anafungua sufuria mwenyewe."

Siku zilipita. Lilis aliusoma ushahidi mpaka ukamchosha, na kila mara alirudi kwenye lile neno la miaka kumi. Ijumaa alimtoa Yayat mahabusu, akamkalisha, akampa wali.

"Uligombana naye kwa nini?"

Yayat aliukoroga wali kwa kijiko.

"Mke wake anasema ulikuwa unafungua sufuria zake."

Hapo Yayat akaweka kijiko chini. "Niliona ufa," alisema. "Kwenye rangi, chini ya shingo. Mwembamba kama unywele. Nikamwambia, Gilang, usiipande hii. Akanicheka mbele za watu! Akasema nina wivu kwa sababu naendesha skuta ya mke wangu. Ikaletwa juu kwa pikapu, imefunikwa shuka kama bibi harusi, na asubuhi lazima ashuke nayo kila mtu aone. Ningefanya nini? Nikamkatia breki."

"Ili afe?"

"Ili asiondoke! Akishika tu usukani, mkono wa breki umelegea, atanitukana mpaka achoke, atairudisha kwenye pikapu, yamekwisha. Nani anaondoka bila kujaribu breki?"

"Gilang," Lilis alisema.

Yayat alijifunika uso. "Miaka kumi hana breki pale. Mkono wake haukujua kama kuna kitu. Mimi nilijua, Bu. Nilikuwa naye miaka yote hiyo. Nilisahau tu. Ningempokonya ufunguo ningekuwa nimemaliza. Niandikie hivyo, nimemuua."

"Kula wali wako," Lilis alimwambia, na sauti yake haikuwa kali. "Bado hatujui nani kamuua nani."

Siku ya saba asubuhi alikwenda ghala la kituo na tochi. Aliinama juu ya shingo iliyovunjika, magoti yakilalamika. Sehemu ndogo ya mvunjiko ilimeta, chuma kilichochanika karibuni. Sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu na imejaa puti, ile inayozibia mabonde ya bodi za magari. Kuchomelea kulipita kando ya kiungo. Chuma na chuma havikuwahi kushikana.

Mtu aliyezifanya kazi zile zote ukutani hawezi kukosea hivi, aliwaza. Akakaa juu ya tairi, akafungua simu, akaikuza picha ya ukuta. Pikipiki baada ya pikipiki, shingo za mabomba zilikuwa za buluu na manjano. Akafika ya Gilang, ya mwisho kabisa. Bomba lake lilikuwa jeupe linameta, kama kijiko kilichotoka dukani. Ile pikipiki haikuupanda mlima. Ilipandishwa, ikapigwa picha, ikateremshwa.

Akatazama iliyotangulia. Bomba jeupe. Na iliyo kabla ya hiyo. Jeupe pia.

"Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti.

Leo ilikuwa hitima ya Gilang, nyumbani kwa wazazi wake Lembang, na baada ya dua kundi zima lingeteremka kwa pikipiki mpaka ile kona kumwaga maua. Lilis alimpigia mwenyekiti wa kundi. Simu iliita tu. Akaliwasha gari.

Alipofika dua ilikuwa imekwisha. Uani pikipiki zaidi ya thelathini zilinguruma zikipasha moto injini, na vikapu vya maua vilikuwa vinagawiwa. Mang Engkus alikuwa amekaa barazani karibu na imamu, kofia safi kichwani, watu wakimbusu mkono. Lilis hakuvua viatu. Alimwendea moja kwa moja na simu mkononi.

"Mang, nisaidie kitu. Hii ndiyo picha ya pikipiki ya Gilang kule volkano?"

Mzee aliishika simu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. "Ndiyo," alisema. "Hiyo hiyo."

Imamu, aliyekuwa anachungulia pembeni, alikunja uso. Kokom naye alikuwa amesogea. Kwenye simu alikuwamo muuza karoti na mkokoteni wake.

"Tangu lini huoni, Mang?"

Mzee alimrudishia simu, akainyoosha mahali ambapo Lilis hakuwapo.

"Mtoto wa jicho," alisema hatimaye. "Yote mawili. Wakati wa Ramadhani iliyopita nilikuwa bado naona kivuli."

"Na ulichomelea kwa nini?"

"Kwa nini!" Hasira ilimtoka ghafla. "Miaka arobaini wananiita mikono ya dhahabu. Nimkabidhi nani shingo? Nikimwita fundi mwingine, jioni mji mzima unajua. Nilidhani mikono inakumbuka."

"Ilikumbuka?"

"Nilipitisha kidole gumba," alisema polepole. "Nikajua haikushika. Nikaweka puti."

"Ukaipakia kwenye pikapu, ukaenda kupigwa nayo picha."

"Niliogopa, Bu."

"Uliogopa kuipanda," Lilis alisema. "Kumpa Gilang hukuogopa. Na Yayat umemwacha wiki nzima ndani, unajua si yeye, unakaa hapa unabusiwa mkono."

Kokom alimtazama mzee. "Kumbe alikuwa amekufa tangu anatoka kwako," alisema. "Breki zangu mbili zote zilikuwa kazi bure."

Nyuma yao injini ziliongezwa moto. Waliokuwa mbali hawakusikia lolote, na wawili walikuwa wameshalifikia lango.

"Zimeni!" Lilis alipiga kelele. "Zimeni zote! Mang, kuna nyingine mbili. Picha zako zinasema. Ziko hapa?"

"Wamekuja nazo. Nimezisikia." Mzee aliinuka kwa kushika nguzo. "Ila siwezi kukuonyesha. Zote kwangu ni giza."

"Basi tafuta kwa kidole ulichotumia kuzifunika."

Injini zikazimwa moja moja mpaka ua ukawa kimya. Mang Engkus aliteremka barazani bila viatu, Lilis kamshika kiwiko, kama ambavyo yeye mwenyewe hushikwa siku hizi. Akaanza mwisho wa mstari. Alipiga magoti kwenye kila pikipiki, akapitisha kidole gumba chini ya shingo, akainuka, akaenda nyingine. Kijana mmoja alitaka kumsukuma, imamu akamzuia. Kwenye ya tisa alikaa sana. "Hii," alisema, na mwenye nayo aliruka chini kana kwamba imemwunguza.

Ya pili ilikuwa mbele kabisa, mbele ya lango. Ilikuwa ya mdogo wake Gilang, ndiyo iliyopangwa kuongoza, na kikapu kikubwa cha maua kilikuwa kimeshafungwa kwenye usukani wake. Mzee alipapasa shingo, akarudia. Akanyoosha mkono akilitafuta bega la mwenye pikipiki, akakuta kiti kimetandikwa kitenge kilichokunjwa vizuri, nafasi ya mtu wa nyuma.

"Alikuwa apande nani hapa?" aliuliza.

Kokom alikuja, akakichukua kitenge chake, akakifungua, akajifunga.

Maua waliyapeleka kwa miguu. Mang Engkus alikwenda kituoni kwenye gari la Lilis, na njia nzima aliuliza kama wameshaipita ile kona.