Boriti Ndani ya Ukuta

Likizo ile ya mwezi wa sita, kama ulikuwa unamtafuta mtu pale Kibiti na nyumbani kwake hayupo, ungemkuta kwa Bi Salama. Kibanda chake cha chakula kilitazamana na geti la ujenzi, mahali ambapo hospitali ilikuwa inaongezewa jengo jipya. Asubuhi kulikuwa na chai ya rangi na vitumbua, mchana wali wa nazi na kamba kutoka Salale, na katikati ya hayo yote kulikuwa na maneno. Nani kaposa, nani kakataliwa, nani kaonekana kapakiwa kwenye pikipiki ya nani! Chakula kililipiwa, lakini habari zilikuwa bure.

Zaitun, binti wa Bi Salama, alikuwa darasa la sita. Kila asubuhi yeye na rafiki yake Tasnim walikaa nyuma ya kibanda wakiosha sahani. Mikono ilikuwa kwenye povu, masikio yalikuwa kwa wateja.

Jengo lenyewe lilikuwa la tiba ya nyuklia, na neno hilo lilipoingia mjini lilizua mambo.

"Wanatengeneza bomu wale," alisema Mfaume, kibarua wa kubeba kokoto, shavu limemvimba kwa kitumbua. "Mimi nawaambieni. Ukuta mnene vile wanaotaka kuujenga ni wa nini, kama si bomu?"

"Na wewe unawajengea bomu, halafu unakuja kula kwangu?" alijibu Bi Salama. "Maliza chai yako uende, likulipukie huko huko, usije ukanivunjia vikombe."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Aliyewatuliza ni dada mmoja aliyekuwa anakula pembeni, kofia yake ngumu ya ujenzi ameipakata magotini. Jina lake Hanifa. Alizaliwa Salale, huko kwenye mikoko ya Delta, baba yake mvuvi wa kamba, akasoma mpaka akawa mtaalamu wa mionzi, na hospitali ikamwajiri.

"Si bomu, kaka Mfaume, ni dawa," alisema. "Ziko dawa zenye mionzi ndani yake. Mionzi ni kama mwanga, ila jicho haliioni. Mgonjwa akichomwa sindano au akimeza kidonge, mashine inatuonyesha ugonjwa umejificha wapi. Nyingine zinautibu palepale ulipo. Wako watu wenye rovu shingoni wanatibiwa hivyo, wala hawapasuliwi."

"Sasa huo ukuta mnene ni wa nini?" Zaitun akauliza kwa sauti, amesahau kabisa kwamba alitakiwa awe anaosha sahani.

Hanifa akamgeukia. "Swali zuri, mdogo wangu. Mgonjwa aliyekunywa dawa hiyo, mionzi inamtoka mwilini kwa siku kadhaa. Ukimlaza kwenye chumba cha kawaida, inapenya ukutani na kumfikia muuguzi anayekaa upande wa pili kila siku ya Mungu. Zege nene linaizuia. Lakini sharti liwe zege tupu. Pakiwa na tundu, au ufa, au kitu chepesi humo ndani, mionzi itapita hapo hapo. Si unayajua maji ya bamvua, bahari ikijaa sana, kwenye tuta la mpunga? Hayangoji mlango, yanatafuta shimo la kaa."

Zaitun akalichukua neno lile na kuliweka kichwani.

Kutoka hapo mazungumzo yakahamia kwenye ajira, na hapo ndipo kila mtu aliposogeza benchi. Hanifa akaeleza kwamba waashi, maseremala, mafundi umeme na vibarua ni watu wa muda. Ukuta ukisimama na rangi ikikauka, wanahamia kwingine. Lakini jengo likifunguliwa litahitaji watu wa kudumu: madaktari, wauguzi, wataalamu wa mionzi kama yeye, wafamasia wa dawa hizo, mafundi wa mashine, wasafishaji waliofundishwa, na mtu wa kutunza ghala la mabaki ya dawa.

"Na huyo wa mwisho," aliongeza, "hatuhitaji atoke mbali. Anaweza kupatikana hata hapa hapa, katika nyinyi mnaojenga."

Loo! Kilichofuata hapo hakisimuliki. Kila mmoja alianza kujisifu, hadi Mfaume akasahau habari za bomu na kuuliza kama ghala lina kiti cha kuzunguka.

Lakini aliyetaka kazi hiyo kwa moyo wote ni Muhidini, mdogo wake Bi Salama, mjomba wake Zaitun. Muhidini alikuwa seremala. Ndiye aliyepiga mbao zinazolishikilia zege mpaka likauke. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mikono yake hodari, mdomo wake hodari zaidi. Alishajenga barabara, madaraja na shule, na kila kazi ilipokwisha alirudi kwa dada yake na begi lake begani. Hata posa yake kwa binti mmoja wa kijiji cha Nyamwage ilikuwa imekwama. Baba wa binti alisema, "Kibarua ni mvua ya mchoo. Ikinyesha unashukuru, lakini hulimi kwa kuitegemea." Maneno hayo yalimchoma Muhidini, na yalimchoma Zaitun pia, maana nyumba ilikuwa haina raha pale mjomba alipokuwa mbali.

"Safari hii sirudi na begi," alimwambia mpwa wake. "Safari hii nakaa. Utaniona nimevaa kitambulisho shingoni kama meneja."

Siku ya kumwaga zege la ukuta mkubwa ilifika, na mji mzima ulijua. Mashine ya kuchanganya zege ilianza kunguruma mapema, vibarua wakajipanga foleni, makarai yakipita mkono kwa mkono, na nyimbo zikapanda juu ya vumbi. Mafundi wana msemo wao: zege halilali. Na fundi mkuu, Bwana Abdulhalim, aliutia mkazo zaidi siku hiyo. Ukuta ule ulitakiwa umwagwe kwa mkupuo mmoja mpaka juu, pasiwe na kiungo hata kidogo. Kwa hiyo hata chakula walitoka kula kwa zamu.

Muhidini alitoka na zamu ya kwanza, mweupe kwa saruji mpaka kope, meno yote nje.

"Dada, nipakulie, leo nimefanya kazi ya wanaume!" alisema. "Ile kona ya ndani bila mimi ingeanguka. Si walitupa vile vipande vidogo vya zege vya kuweka kati ya mbao, zisibanane? Vikapungua. Sasa nikamsumbue fundi mkuu kwa jambo dogo? Nikachukua boriti, mkoko mkavu wa Nyamisati, nikakata vipande, nikavibana humo. Mbao zimesimama wima kama askari!"

"Na zege likipanda utavitoa?" aliuliza Bi Salama, akimpakulia wali.

"Nivitoe vya nini? Vinabaki humo humo. Mkoko hauozi, hauliwi na mchwa. Nyumba ya babu imesimama kwa boriti tangu sijazaliwa. Nimewaongezea nguvu bure!"

"Huyo ndiye mtoto wa Delta!" alipiga kelele Mfaume, na benchi zima likamsifu.

Nyuma ya kibanda, Zaitun aliacha kusugua. Kitu chepesi humo ndani. Mionzi itapita hapo hapo. Alimnong'oneza Tasnim yote.

"Nyamaza, shoga!" Tasnim alimshika mkono. "Mjomba wako anaitafuta kazi ya kudumu. Ukifungua mdomo, leo leo wanamfukuza, na bibi harusi wa Nyamwage ndiyo basi tena."

"Na nisiposema?"

"Zege litakauka. Nani atapasua ukuta kuangalia?"

Zaitun alijifuta mikono kwenye gauni, akaenda mbele. "Mjomba, upande wa pili wa ile kona watakaa nani?"

"Wauguzi," alijibu Muhidini huku akitafuna. "Ndiyo chumba chao cha zamu."

Zaitun hakutaka kumwaibisha mjomba wake mbele za watu. Akamwinamia sikioni. "Mjomba, tafadhali njoo huku kidogo."

Walisimama kando ya pipa la maji, na akamweleza. Mwanzoni Muhidini alicheka. "Boriti si tundu, Zai."

"Kwa nyumba boriti ni nzuri, mjomba, sibishi. Lakini dada Hanifa alisema liwe zege tupu. Mbao ni nyepesi. Mionzi itapita hapo, imfikie muuguzi kila siku, na yeye hataiona."

Kicheko kikamwisha. Alitazama getini, ambako mashine ilikuwa inaendelea kunguruma, kisha akamtazama mtoto.

"Unajua unaniambia nini, Zai? Nikimwambia Abdulhalim, natoka pale na begi langu. Na ile kazi nyingine ndiyo nimeizika kwa mikono yangu."

"Najua, mjomba. Lakini zege linapanda. Nitakusindikiza mpaka getini."

Muhidini alivuta pumzi ndefu. Sahani aliiacha na wali wake wote, kamba juu, akavaa kofia. Getini hakutembea tena, alikimbia.

Haukupita muda, sauti ya fundi mkuu ikasikika hadi barabarani. "Boriti? Boriti ndani ya ukuta wangu?"

Kibanda kikabaki kitupu. Wateja wote walihamia kwenye uzio, Bi Salama mbele yao na upawa mkononi. Mfaume alikuwa amesharudi juu ya jukwaa la mbao, na kwa kuwa mdomo wake haukujua kukaa kimya, akawa mtangazaji wao.

"Hanifa anakuja mbio!" alipaza sauti. "Zege limefika usawa wa kifua! Wanaleta nondo iliyopindwa! Muhidini kapanda, kainama… kavuta… kakitoa kimoja!"

"Vilikuwa vingapi?" alilia Zaitun.

"Vitatu! Cha pili hicho kinatoka! Cha tatu… ala! Cha tatu kimeshafunikwa!"

Watu wakashika vichwa. Mashine haikuweza kuzimwa, makarai hayakuweza kungoja. Bwana Abdulhalim akawahamisha vibarua wamwage upande wa mbali, kisha akaagiza mashine ya kutetemesha zege iletwe kwenye kona. Zege likalainika na kuchemka kama uji. Muhidini akazamisha nondo, akakikosa. Akazamisha tena, akakikosa. Jasho lilimchora mistari kwenye saruji ya uso wake. Zaitun alifumba macho, vidole vyake vimeng'ang'ania waya wa uzio.

"Kimenasa!" Mfaume aliunguruma. "Kakitoa! Kakitoa!"

Muhidini alikiinua juu kile kipande cha mkoko kinachotona zege, na uzio mzima ukapiga kelele kama timu ya nyumbani imefunga goli. Bi Salama alimkumbatia mwanawe, upawa na mchuzi wake vyote mgongoni kwa Zaitun.

Na mnajua vile vipande vya zege vilivyopungua? Vilikuwa tele ghalani, gunia zima. Vililetwa mara moja, vikawekwa mahali pake. Ilikuwa ni kuuliza tu.

Bwana Abdulhalim hakumfukuza Muhidini, lakini hakumbembeleza pia. Alimwondoa kwenye useremala, akambebesha karai hadi ujenzi ulipokwisha. Mjini wakampa jina la Bwana Boriti, na hata watoto walimwamkia hivyo: "Shikamoo, Bwana Boriti!" Naye akaitikia, "Marahaba," akicheka kwa aibu.

Jengo lilipokamilika, ukuta ulipimwa kwa vifaa maalumu na kukubaliwa. Mafundi wakafunga mabegi yao. Nafasi za kudumu zikatangazwa, na Muhidini hakutaka hata kujaribu. Bi Salama ndiye aliyemsukuma. "Wakikukataa, wakukatae wao. Usijikatae mwenyewe!"

Siku ya usaili waliulizwa swali moja wote: umewahi kukosea kazini? Wenzake walijibu hawajawahi, hata siku moja. Muhidini akasimulia habari ya boriti, mwanzo hadi mwisho, bila kuipunguza.

Majibu yalipotoka, hapakuwa na pa kukaa kibandani. Muhidini alikuwa amechaguliwa kutunza ghala la mabaki ya dawa. Angeanza na mafunzo Dar es Salaam, kisha kipindi cha majaribio, na akifanya vizuri, ajira ya kudumu. Bi Salama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mfaume alidai naye atafutiwe kiti cha kuzunguka.

"Lakini dada Hanifa," Tasnim aliuliza, "mtu aliyekosea vile, mbona mmemchukua?"

Kelele zikapungua. Hanifa aliweka kikombe chini.

"Kwa sababu kukosea kila mtu atakosea. Kwenye kazi yetu dawa inaweza kumwagika tone moja tu. Anayesema palepale, tunasafisha na kuendelea. Anayeficha, anaisambaza kwa viatu vyake hospitali nzima. Elimu ya mionzi tutampa Muhidini. Moyo wa kusema 'nimekosea' wakati ukijua utapoteza kazi, huo hatuna pa kuufundisha. Mtu anakuja nao kutoka kwao."

Kisha akamvuta Zaitun, akamkalisha ubavuni pake. "Na wewe hukumtangaza mjomba wako, wala hukumnyamazia. Ulimwambia yeye kwanza, kwa adabu, na mapema, zege likiwa bado bichi. Shika hivyo hivyo, mdogo wangu. Mpende mtu, lakini kosa lake usilifiche."