Chatu Mmoja, Hadithi Mbili

"Rudini nyuma! Wewe mama mwenye mtoto, rudi nyuma kabisa!"

Datius alikuwa sokoni Bukoba, chatu kamzunguka kutoka mabegani mpaka kiunoni, jasho linamtiririka. Koti lake la mikono mirefu hakulivua hata jua liwe kali namna gani.

"Huyu nilimnasa kisiwani Goziba kwa mikono yangu! Amemeza mbuzi na pembe zake! Akikukazia macho, miguu inakufa ganzi!"

Watu wakapiga kelele, wakasukumana. Kisha sauti moja ikatoka katikati yao, taratibu.

"Datius. Mbuzi?"

Alikuwa Mzee Rwegasira wa Kimwani, balozi wa nyumba kumi, baba yake Theopista. Alikuwa amekuja mjini na lori la kahawa ya kijiji.

"Shikamoo, taata."

"Marahaba. Juzi nyumbani kwangu ulisema nini?"

Juzi Datius alikuwa amekwenda kujieleza, maana anataka kumwoa Theopista. Alisema chatu wake ni mpole kuliko ndama. Kwamba analala ghalani na kula panya wanaoharibu mali ya wajamaa, kwa hiyo ni mfanyakazi wa kijiji kama mwingine yeyote. Kwenye mkutano wa kijiji alisema hivyo hivyo, akapigiwa makofi.

"Waitu, tafadhali, hapa sokoni lazima kuchangamsha watu kidogo..."

"Jumamosi mnaleta posa. Mlete na yeye. Nataka nijue binti yangu anakwenda kuishi na ndama au na mla mbuzi."

Kesho yake Theopista alimfuata Datius nyuma ya ghala la kijiji. Hakuwa msichana wa kulialia.

"Nimemtetea chatu wako kwa shangazi mpaka koo limekauka. Kumbe mjinga ni mimi."

"Theo, hakuna anayesimama sokoni kumtazama nyoka mpole."

"Na hakuna baba anayempa binti mtu mwenye nyoka mkali. Kwa hiyo kila mtu unampikia chakula anachopenda?"

"Lakini chatu ni yule yule."

"Ndiyo. Kwa nyoka mmoja una hadithi mbili. Kwa mke mmoja utakuwa nazo ngapi?"

Datius akageuka aende zake; Theopista akamshika koti.

"Nisikilize vizuri. Jumamosi ukisema uongo mmoja tu, pombe yenu ya rubisi naimwaga mwenyewe mbele ya wazee. Na mimi usinitafute tena."

Jumamosi ikafika, na mvua yake. Sakafu ya Rwegasira ilikuwa imetandazwa nyasi mbichi, kama inavyofanywa Uhaya wageni wa heshima wanapokuja. Nyasi nene, mguu unazama mpaka kifundo. Upande wa Datius ukaingia na vibuyu vya rubisi na vikapu vilivyofunikwa majani ya mgomba. Datius, kwa woga wake, akakiweka kikapu cha chatu pamoja na vikapu vya zawadi.

Sasa zawadi za posa pale nyumbani zilikuwa na mkaguzi wake, Shangazi Kokwijuka. Mwanamke mnene, amekaa chini kwenye nyasi, hana haraka. Akavuta kikapu kizito kuliko vyote, akafungua kamba, akatia mkono.

"Hii nyama mbona inapumua?"

Kikapu kikapinduka. Chatu akazama kwenye nyasi, asionekane tena.

Mshenga wa Datius, mtu mzima mwenye wajukuu, aliruka nje kupitia dirishani. Mzee Rwegasira alijikuta juu ya meza na fimbo yake.

"Datius! Huyu ni yupi? Wa hapa au wa Bukoba?"

Datius akamtazama Theopista. Alikuwa amesimama mlangoni, kibuyu cha rubisi mkononi, tayari amekiinamisha.

"Si wa hapa wala wa Bukoba, taata. Hajawahi kumla mbuzi. Goziba sikumnasa. Nilimpata kwa mvuvi wa kule kisiwani, nikampa baiskeli yangu, na kwenye mtumbwi nilitapika njia nzima."

Mtu mmoja akacheka. Rwegasira akamkata jicho.

"Lakini mpole pia si kweli. Sumu hana, ila anauma." Datius akavua koti. Mikono yote ilikuwa makovu. "Akisikia harufu ya panya mkononi, anauma. Akitaka kujivua ngozi, anauma. Kila asubuhi kabla ya kumshika moyo unanidunda."

Shangazi Kokwijuka akasema polepole:

"Umesema vizuri, mwanangu. Sasa huyo anayeuma yuko juu ya mguu wangu."

"Anatafuta joto, shangazi. Usitikisike."

"Mimi ndiyo jiko?"

Theopista akakiweka kibuyu chini, wima. Akaja peku juu ya nyasi.

"Nishike wapi?"

"Mkia. Usivute."

Datius akafunua nyasi kidogo kidogo, akapeleka mkono. Chatu akaruka, akamng'ata kidole gumba. Damu ikatoka. Datius hakukificha mgongoni. Akakiinua juu.

"Ameniuma! Jamani, mmeona? Ameniuma!"

"Nimeona," akasema Rwegasira kule mezani. "Leo ndiyo mara ya kwanza unanionyesha nyoka wako."

Chatu akarudishwa kikapuni. Theopista akachana pindo la kanga, akamfunga kidole.

"Inauma?"

"Sana."

"Vizuri. Endelea kusema hivyo hivyo."

Mzee akashuka mezani, akajipangusa, akachukua kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna na kumpa Datius wa kwanza. Mshenga alichungulia dirishani, akaiona ile kahawa, akajua wamepewa mke. Akarudi, kwa mlango.

Walifunga ndoa kanisani baada ya msimu wa kahawa. Sokoni Datius sasa husema, "Huyu anakula panya, na mimi huniuma," na watu husogea karibu zaidi kutazama makovu.

Ila kuna mmoja ameharibika. Juzi kilabuni, Mzee Rwegasira alikuwa na kata yake ya rubisi, watu wamemzunguka.

"Lilikuwa chatu refu kuliko nyumba hii! Nikalikaba shingo kwa mkono mmoja!"

Theopista alikuwa anapita na ndoo ya maji.

"Taata, ulikuwa juu ya meza."

Mzee akanywa taratibu, akafuta mdomo.

"Meza yenyewe ilikuwa fupi."